Wavu Ambao Sikuambiwa

Tarehe 3 Februari

Wifi,

Salamu nitaziweka mwisho, kwa sababu nikianza nazo hasira itapoa, na sitaki ipoe.

Mdogo wangu alikuja hapa Jumapili. Mtu mzima, fundi umeme anayeheshimika, amekaa kwenye kochi langu anapekecha kofia mikononi kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari. Nikamtoa maneno moja moja. Kumbe umemhamishia chumba cha watoto tangu mwezi wa tisa! Analala kwenye kitanda cha mtoto, miguu inaning'inia. Akikusogelea unageukia ukutani. Akiuliza kuna nini, unasema hakuna kitu.

Mjomba keshasikia. Anasema mwanamke wa namna hiyo arudishwe kwao akapumzike kidogo. Wewe unaijua "kidogo" ya mjomba.

Mimi nimekutetea kwenye ukoo huu miaka kumi na tisa. Kibofu kiliposhuka baada ya yule mtoto wa nne, ukawa unatembea kama mtu aliyekalia yai, nani alikupeleka hospitali? Nani alilala kwenye benchi siku nne mpaka ukaruhusiwa? Sasa kama kuna mwanamume mwingine, sema. Kama ni maringo, acha. Kama ni jambo lingine, liandike, maana simu yako inashikwa na kila mtoto na mimi siongei mambo ya chumbani kwenye kitu kinacholia mezani.

Wasalimie watoto.

Mwalimu

—

Tarehe 11 Februari

Wifi Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Si kwa heshima. Siwezi kukaa.

Ulitaka niandike, haya, kaa wewe unayeweza. Mwaka mmoja tu baada ya ule upasuaji nilianza kusikia kitu kinanikwaruza kwa ndani. Nikikaa kwenye cherehani nusu saa, ni kama nimekalia brashi ya waya. Sasa ni mwaka wa tano. Sare za shule nakata nimesimama, napiga pasi nimesimama, na ikifika kushona nashona vipande viwili, nanyanyuka, nazunguka meza, narudi. Wateja wanadhani nina haraka.

Damu inatoka wakati si wake. Kwenye zahanati nimekwenda mara sita. Mara ya kwanza walinipa dawa ya fangasi. Mara ya pili dawa ya mkojo. Ya tatu wakarudia ya fangasi. Ya nne kijana mmoja akaniambia bila kuinua macho, "Mama, una mawazo mengi." Ya tano wakasema ni umri. Nina miaka arobaini na minne, wifi! Umri gani huo unaokwaruza?

Na mdogo wako hakukwambia yote. Siku ya mwisho aliruka kitandani akasema kuna kitu kimemchana. Kweli alikuwa na mstari mwekundu, kama mtu aliyepita kwenye miiba. Akaniuliza, "Umeficha nini humo?" Ningemjibu nini? Nilimhamisha kwa aibu. Hayo ndiyo maringo yangu.

Ya sita, wiki iliyopita, nesi mmoja mzee alinipima taratibu, wa kwanza kunipima hivyo tangu nianze kuhangaika. Akavua glavu. Kisha akasema, "Mama, uliwekewa wavu?" Nikamwambia mimi nilishonwa tu, kibofu kikarudishwa juu. Akasema, "Hapana. Kuna nyuzi za plastiki zimetoboa nyama, zinachungulia. Nenda pale walipokupasua, uwaulize waliweka nini."

Kwa hiyo kabla sijawauliza wao nakuuliza wewe, maana mimi nilikuwa nimelala na wewe ulikuwa macho. Daktari alisema chochote kuhusu wavu?

Fundi

—

Tarehe 24 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikajiona mdogo kama punje. Maneno niliyokuandikia nayafuta yote. Mjomba nimempigia nikamwambia aache kuongoza nyumba za watu. Mdogo wangu nimemgombeza hadi akakata simu.

Hapa tuko kwenye mitihani, nina karatasi mia na arobaini za hesabu za kusahihisha, na paa la darasa la sita linavuja juu ya meza yangu.

Kuhusu siku ile, ni zamani, wifi. Madaktari nao huongea haraka haraka. Huenda ni uzi tu wa kushonea ambao haukuyeyuka. La muhimu ni upate daktari mzuri sasa hivi akutibu. Kufukua mambo ya miaka sita iliyopita kutakuchosha bure.

Nakutumia asali na kitambaa cha bluu ulichokuwa unakitafuta.

Wako,
Mwalimu

—

Tarehe 12 Machi

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA JALADA LA MATIBABU

Ndugu Mteja,

Tunakushukuru kwa kuchagua huduma zetu. Barua yako imepokelewa na kufanyiwa kazi.

Tunasikitika kukujulisha kwamba jalada lako halijaonekana masijala. Ili kuharakisha utafutaji, tafadhali wasilisha kadi halisi ya mgonjwa, ambayo kwa utaratibu wetu hubakizwa hospitalini siku mgonjwa anaporuhusiwa.

Tunakutakia afya njema.

Afisa Huduma kwa Wateja

—

Tarehe 25 Machi

Wifi,

Soma karatasi hiyo niliyoibana humu, halafu uniambie kama ni mimi niliyepungukiwa. Wanataka kadi. Kadi wanayo wao. Nimekwenda nayo hiyo barua dirishani, msichana akaisoma, akaniambia, "Sasa mama, kadi iko wapi?" Nikamwambia iko nyuma yako. Akageuka akaangalia kweli! Nimepigwa danadana dirisha namba mbili, namba saba, namba mbili tena, mpaka mlinzi akawa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake.

Lakini daktari nimempata. Yuko hospitali ya rufaa, bingwa wa magonjwa ya wanawake, mwanamke mfupi anayevaa miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani. Alinipima akasema bila kuzunguka, "Ni wavu. Umetoboa ukuta wa uke sehemu mbili."

Nikamwambia sijui hata unafananaje. Akavuta droo akanipa kipande cha mfano, cheupe kama chandarua, ukubwa wa kiganja. Nikakisugua kwa vidole. Nikakivuta kwa urefu, kikatulia. Nikakivuta kwa mshazari, kikajikunja kama kamba, na ukingo wake ukawa msumeno.

"Daktari, pindo lake liko wapi?"

"Halina pindo."

"Kitu kikali hivi kinaingizwa kwenye nyama laini bila pindo?"

Akanitazama. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nashona sare za shule."

Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Akaniambia wapo wanawake waliowekewa wakapona, hatanidanganya. Lakini kuna waliopata haya yangu, wengi, na sehemu nyingine duniani wameshaacha kuuweka kwa njia hiyo. Akasema nilitakiwa nielezwe kabla: kwamba kuna pete ya mpira inayoshikilia kibofu, unaivaa na kuitoa, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, kuna kushonwa kwa nyama yako mwenyewe bila kuongezewa kitu. Nichague mwenyewe. Mimi nilichagua lini?

Kuutoa nako ni kazi. Nyama imeota ikapita kwenye matundu yake, ni kama kutoa ubani wa kutafuna uliokwama kwenye nywele. Hauvutwi, unakatwa kidogo kidogo, na jirani yake ni kibofu na utumbo. Anataka kujua kwanza ni wavu wa aina gani na mikono yake, zile kamba za kuushikilia, ilipitishwa wapi. Hayo yameandikwa kwenye jalada. Bila jalada ataingia kama mtu anayepapasa gizani.

Kwa hiyo sifukui mambo ya zamani, wifi. Natafuta ramani. Wewe una maneno kuliko mimi, waandikie hao watu barua moja ya Kiswahili cha ofisini, iwatetemeshe.

Fundi

—

Tarehe 2 Aprili

Wifi mpendwa,

Nimefurahi umepata daktari anayesikiliza. Barua nitaandika, nipe muda kidogo, tuna wakaguzi wiki hii.

Lakini nimewaza. Kwani jalada ni lazima? Daktari bingwa akishapiga picha si ataona mwenyewe? Hospitali zile zikiona mtu anadai karatasi zinaogopa kushtakiwa, zinazidi kuficha. Labda ungemwambia daktari aendelee tu, hizo karatasi tuziache. Nasema kwa kukupenda.

Mwalimu

—

Tarehe 16 Aprili

Mwalimu,

Jalada limepatikana. Mzee wa masijala alinionea huruma, akaingia stoo, likawa chini ya maboksi ya glavu. Akasimama na mimi kwenye mashine mpaka nikatoa nakala ya kila ukurasa.

Nakala ya ukurasa wa tatu nimeiweka humu. Soma mstari wa chini: "Ndugu wa mgonjwa ameelezwa na ameridhia kuongezwa kwa wavu." Saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Sahihi iliyo hapo naijua. Iko chini ya kila barua uliyoniandikia.

Usijibu haraka. Usijibu kabisa.

—

Tarehe 20 Aprili

Wifi,

Umesema nisijibu. Najibu.

Ulikuwa umeshachomwa sindano, umelala. Daktari alitokea kwenye korido na fomu mkononi. Tulikuwa ndugu wa wagonjwa kama kumi kwenye benchi, wote wakanigeukia. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu? Nyama ya ndugu yako imelegea sana. Tukishona tu itarudi kushuka. Tutaongeza wavu, ni njia ya kisasa, inamaliza kazi." Kisha akauliza kama nina swali.

Nilikuwa nayo maswali, wifi. Wavu wa kitu gani? Mwili ukiukataa? Unatolewaje? Kwa nini haambiwi mwenyewe? Yalinijaa mdomoni. Lakini ameniita mwalimu mbele ya watu, na mimi nikataka kuonekana mtu anayeelewa. Nikasema, "Hapana daktari, endeleeni." Nikasaini na kupiga mstari chini ya jina, kama nasaini ripoti. Darasani nawagombeza watoto wasionyoosha mkono, na siku ile ulipokuwa mwili wako ndio somo, mimi nilificha mkono.

Ulipoamka nilisahau kukwambia. Hilo ni kweli, Mungu shahidi. Niliona ni jambo dogo, kama aina ya uzi.

Lakini kuna lingine, na hili si kusahau. Mwaka juzi redio ilikuwa na kipindi. Wanawake walikuwa wanasimulia: kukwaruzwa, damu, waume kulalamika. Wavu, wavu, wavu. Niliinuka nikazima. Nikajiambia wewe mzima, ungekuwa mgonjwa ungesema. Sikuwahi kukuuliza. Na ulipoandika Februari, nilijua kabla sijafika nusu ya ukurasa, na bado nikakuandikia habari za paa linalovuja.

Siombi chochote. Nimeandika ujue.

Mwalimu

—

Tarehe 9 Juni

Dada,

Mimi si mwandishi, unanijua. Nakuandikia kwa sababu barua zako tatu za tangu Aprili ziko kwenye droo ya cherehani, moja imefunguliwa na mbili bado, na mke wangu hataki nizungumzie. Amesema nikikuandikia nisitie maneno yake, kwa hiyo haya ni yangu.

Amepasuliwa juzi. Imechukua saa nne na nusu. Niliambiwa saa mbili, nikahesabu vigae vya ukutani mpaka nikavichukia. Daktari alitoka na miwani yake miwili akanieleza kwa kuchora kwenye karatasi, mara mbili, na mara ya pili nikaelewa. Ametoa sehemu kubwa. Vipande viwili vimebaki kwa sababu vimepita karibu na mishipa, akiving'ang'ania anaweza kuharibu kinachofanya kazi. Lile jalada lilimsaidia. Alisema bila lile angekata kibofu.

Kibofu kinaweza kushuka tena. Tumeambiwa. Ikitokea kuna hiyo pete.

Kabla hajaingia daktari alikuja na fomu, akavuta kiti, akamsomea mke wangu mstari kwa mstari. Mimi nikataka kusaidia nikasema, "Sawa daktari, tumeelewa." Mke wangu akanigeukia, dada. Nikatoka nje nikakaa na wenzangu wanaosubiri.

Dada mimi nina langu pia. Siku ile niliyomuuliza ameficha nini, niliamini kweli ameficha kitu. Miezi mitano nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mtoto namnunia mtu mwenye jeraha. Nimemwambia samahani. Akasema, "Nenda kachemshe maji." Nimechemsha.

Mdogo wako

—

Tarehe 5 Julai

Mwalimu,

Nimefungua zile mbili. Ya pili na ya tatu zinasema yale yale ya kwanza kwa maneno mazuri zaidi. Ya kwanza ilitosha.

Nina hasira na wewe. Nataka ujue hasira hiyo haina haraka ya kwenda popote. Ule wavu ningeweza kukusamehe kabla ya chakula cha mchana, mtu yeyote kwenye benchi lile angesaini. Redio ndiyo siwezi. Umezima redio, wifi! Miaka miwili mimi nameza dawa za fangasi.

Naendelea vizuri. Nakaa dakika hamsini kwenye cherehani kabla sijanyanyuka, na nikinyanyuka ni uchovu, si brashi ya waya. Upande wa kushoto bado unachoma nikikohoa. Mdogo wako karudi chumbani, kulala tu, na amekuwa mpole mpaka ananikera.

Sasa sikiliza, hili si la mapenzi, ni la kazi. Niliwaandikia wale wa huduma kwa wateja mwezi uliopita, nikawaambia kilichonipata na nikataka wawaite wanawake wote waliowekewa mwaka ule, wapimwe kabla hawajafika nilipofika. Wamenijibu kwamba "mgonjwa alielezwa kikamilifu na kuridhia kupitia ndugu yake msomi". Wamekuandika hivyo, msomi. Wewe ndiye ukuta wanaojificha nyuma yake.

Mimi siwezi kusema kilichosemwa kwenye korido ile. Nilikuwa nimelala. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Fundi

—

Tarehe 14 Julai

YAH: SAHIHI YANGU

Kwa Mganga Mkuu,

Mimi ndiye "ndugu msomi" mnayemtaja kwenye barua yenu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na najua tofauti ya kujibu swali na kulizunguka.

Mnasema mgonjwa aliridhia. Mgonjwa alikuwa amelala. Mnasema nilielezwa kikamilifu. Nilielezwa nimesimama koridoni, kwa muda usiozidi dakika moja, mbele ya watu wasiotuhusu. Sikuambiwa wavu ni wa plastiki. Sikuambiwa unaweza kutoboa. Sikuambiwa kuutoa ni kugumu. Sikuambiwa kuna pete, wala mazoezi, wala kushona kwa nyama yake mwenyewe. Niliulizwa kama nina swali, na nikasema sina, kwa sababu niliona aibu kuonekana sijui. Aibu hiyo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini ruhusa hiyo haikuwa yangu kuitoa, na haikuwa haki yenu kuiomba kwangu. Hakukuwa na dharura yoyote. Mngeweza kumshona kama alivyokubali mwenyewe, mkasubiri aamke, mkamuuliza.

Wala msinitumie kama kinga yenu. Naiondoa sahihi yangu nyuma ya maneno yenu. Nataka wanawake wote waliowekewa wavu huo hapo kwenu watafutwe, waandikiwe, na wapimwe. Tarehe 4 Agosti mna kikao cha kusikiliza malalamiko, kama ilivyobandikwa langoni. Nitakuja kuisoma barua hii kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwalimu

Nakala: Wifi yangu
Nakala: Mdogo wangu
Nakala: Mjomba

—

Tarehe 28 Julai

Wifi,

Nakala nimeipata. Mjomba naye ameipata, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ukoo huu hana la kusema. Mdogo wako anasema labda anaumwa.

Barua ni nzuri. Umeandika "aibu" mara mbili tu, mimi ningeweka tano, lakini nzuri.

Ukisoma, usikimbie kama unavyokimbiaga ukifika pabaya. Soma taratibu. Pale penye korido ndipo usimame kabisa, wakutazame.

Basi lako likifika uje moja kwa moja hospitali, usipite nyumbani na mizigo ya asali. Nimebaki na hasira, na nikiona asali itazidi. Tutaongea baadaye, mimi na wewe, mlango umefungwa, na nitapiga kelele. Jiandae.

Lakini tarehe nne hatuko wawili. Yule nesi mzee wa zahanati alianza kuuliza uliza, na mzee wa masijala naye akawa haoni wala hasikii tulipopekua daftari la upasuaji. Tuko kumi na moja, wote wa mwaka ule. Mdogo kabisa ana miaka thelathini na miwili, miaka mitatu amekuwa akiambiwa ana pepo. Nilikaa nao hapa karakana, nikawauliza, nyinyi nani aliwasainia? Sita wakasema hawajui. Wanne wanajua, na hao wanne nimewaambia waje na aliyesaini. Wawili wanakuja na waume zao. Mmoja na kaka yake.

Wa nne anakuja na mama yake mzazi. Mama ana miaka sabini, tangu ajue hali chakula, anasema hawezi kuingia kwenye chumba kile na kutazamwa. Nimemwambia kuna mwalimu mmoja atakaa naye.

Fundi